Mdudu Ameonekana

Njoki alinifungulia geti mwenyewe, na kabla sijafika mlangoni akanivuta kando ya ua. "Wambui, skiza. Picha ya baba ilitoka jana na si poa. Yeye hajui. Tumemwambia ni ulcers. Tafadhali, ukiingia usimwambie kitu." Nilimwitikia kwa kichwa, nikavua viatu, nikaingia katika ile nyumba yake ya Milimani yenye sakafu inayong'aa hadi unaona haya kuikanyaga. Anko Kariuki, baba yake, aliketi kando ya dirisha, blanketi magotini, mbele yake kikombe cha uji uliopoa ukafanya ngozi juu. Uji ule niliujua. Anko ana miaka themanini na kitu, mimi mwenyewe mvi zimenianza, lakini ulcers za ukoo wetu, hivyo vidonda vya tumbo, hazizeeki. Ni zile zile tulizompa Tata Muthoni, dada yake Anko, kule Elburgon, mwaka uliofuata baada ya mimi kumaliza Form Four. Tata ndivyo tunavyomwita shangazi au mama mdogo, na mpaka leo watu wetu wakikutana, iwe ni kwa mahari au kwa mazishi, chai ikishamiminwa hakosi mtu wa kuuliza swali lile la zamani: ni nani alimwambia Tata? Wengine humtaja nesi, wengine mchungaji, wengine husema aliota. Mimi hunywa chai yangu.

Nilipelekwa kwa Tata kungoja matokeo ya mtihani, na matokeo yalipotoka yakawa hayamfurahishi mtu, nikaachwa huko huko. Chumba chake kilikuwa ndani ya boma la Anko, cha mbao za pembeni zile ambazo kiwanda cha kupasua magogo kiliziuza bei ya kutupa, na gome lilikuwa bado limezing'ang'ania. Kuta zilibandikwa magazeti, na usiku nilisoma habari za mawaziri waliofutwa kazi zamani hadi usingizi unichukue. Tulipikia jiko la maranda, ule unga wa mbao wa kiwandani. Tata alikuwa akiyashindilia ndani ya debe kwa chupa katikati, kisha anaichomoa chupa polepole ili tundu libaki, na moto wake uliweza kuivisha githeri bila kuguswa. Kila kitu kilinuka saipras, ile miti iliyopasuliwa kiwandani: mashuka, chumvi, hata nywele zangu. Kiwanda kilikuwa ng'ambo ya ua, na msumeno wake ulinguruma kutwa, kwa hiyo watu wa boma lile walikuwa na desturi ya kuongea kwa vipande. Msumeno ukiingia kwenye gogo watu wananyamaza, ukitoka kila mtu anasema haraka alichonacho. Mgeni angedhani tumegombana, kila mtu akikatiza neno katikati na kutazama dari.

Tata alikuwa mpiga picha. Harusi, ubatizo, watoto wa nasari na kofia zao za karatasi, wazee wanaotaka picha ya kitambulisho wakiwa wamenyoa upande mmoja tu kwa haraka. Elburgon nzima ilipita mbele ya kamera yake. Filamu haikupelekwa Nakuru kuoshwa mpaka iishe, na harusi ikiisha mara nyingi zilibaki nafasi mbili tatu mwishoni. Wapiga picha wengine walizimalizia kwa kupiga rafiki zao wakiegemea magari ya watu. Tata aliuita ule mkia wa filamu, na mkia ulikuwa wa Mdudu. Kitabuni yule mdudu anaitwa kibibi, na shuleni tulimwita ledibadi: yule mdogo wa duara, mwekundu, mwenye madoa meusi mgongoni. Kwa Tata alikuwa Mdudu tu. Siafu walikuwa siafu, nzi walikuwa nzi, chawa wa sukumawiki walikuwa chawa, lakini ukisema Mdudu katika chumba kile kila mtu alijua unamsema nani. "Umemwona Mdudu leo?" ndiyo ilikuwa salamu yetu ya asubuhi kabla ya kuulizana kama tumelala vizuri.

Hakuwa na lenzi ya kupiga vitu vidogo. Aliichomoa ile aliyokuwa nayo, akaigeuza nyuma mbele, akaishikilia kwa mkono kwenye mdomo wa kamera, na kitu kidogo kama punje ya dengu kikajaa jichoni. Kazi yangu ilikuwa kushika kifuniko cha sufuria kurudisha mwanga chini ya jani. Nilianza Januari, wakati wa ukavu na vumbi, nikidhani hakuna kitu cha kupiga. Tata akanipeleka kwenye nguzo kuukuu za ua, akainua gome, na hapo chini walikuwa wamelundikana, wengi, wametulia kama watu waliosinzia kanisani. "Usiwapulizie pumzi," alininong'oneza. "Watadhani ni mvua, waamke bure." Mvua za kweli zilipokuja na minji ya Anko, zile njegere za shambani, ikapanda, chawa wa kijani walijaa kwenye vikonyo, na Mdudu akaja nyuma yao. Siku moja nikaona kwenye jani kidude cheusi, kirefu, chenye miba na madoa ya rangi ya chungwa, sura ya mamba. Nikavua kandambili.

"Wee! Huyo ni mtoto wake!" Tata alipiga kelele.

"Mtoto wa nani?"

"Wa Mdudu. Kwani wewe ulizaliwa na hizo nyusi?"

Nilirudisha kandambili mguuni. Anko alikuwa anakuja na pampu ya dawa mgongoni, tayari kunyunyizia. "Muthoni, hawa wadudu wako watanimalizia minji," alisema. Tata hakuinuka. "Hawa wanakula chawa. Mtu anamaliza minji hapa ni wewe na sahani yako." Anko alicheka, na pampu ikarudi ghalani. Alimpenda sana dada yake. Nasema hivi mapema kwa sababu kwa yale aliyoyafanya baadaye mtu angeweza kumdhania vingine.

Baridi ya Juni ilipoingia na ukungu ukawa hautoki hadi saa nne, Tata alianza kula akisimama. Alikuwa anaegemeza tumbo kwenye ukingo wa meza, analisukuma, anakaa hivyo mpaka kitu kipite. Anko alimpeleka Nakuru, akapigwa picha hospitalini. Alirudi jioni akiwa amechoka, akavua viatu, akaniambia, "Leo na mimi nimepigwa picha, na hakuna mtu ameniambia nitabasamu." Tulicheka. Akala viazi viwili, akalala mapema.

Basi wiki iliyofuata Anko alishuka Nakuru kuulizia majibu. Ilikuwa ni kawaida kwamba akishuka anabeba na filamu ya Tata, anaipeleka studio, na akirudi anatwambia kama picha zimetoka. Alasiri hiyo nilikuwa kwenye kibaraza cha nyuma ya jikoni la mke wake, Mama Njoki, namenya viazi. Nilimsikia Anko akiingia, nikasikia kiti kikivutwa, kisha msumeno ukameza kila kitu. Nilisikia sauti ikipanda na kushuka bila maneno. Halafu msumeno ukatoka kwenye gogo, na katika ule ukimya Anko akasema wazi, polepole, kama mtu anayesoma, "Picha imetoka. Mdudu ameonekana." Msumeno ukarudi kazini. Sikungoja sentensi ya pili. Kwa miezi kadhaa Tata alikuwa akiitafuta picha moja tu, ile ya Mdudu akifungua mgongo, yale maganda mekundu yakiinuka na mbawa laini zilizokunjwa chini yake zikitoka. Kila mara ilitoka ukungu mtupu. Niliamini kwamba sasa imepatikana. Nilikimbia kuzunguka nyumba, kisu mkono mmoja, maganda ya viazi mkono wa pili.

Tata alikuwa ameketi kwenye gogo mbele ya chumba chetu, kamera mapajani.

"Tata! Picha imetoka! Mdudu ameonekana!"

Alinitazama. Kisha akaitazama kamera, akapitisha kidole gumba juu ya kile kidirisha kinachoonyesha filamu imefika wapi. "Nani amesema?"

"Anko. Anaambia Mama Njoki kwa jikoni."

"Amesema hivyo? Ati mdudu ameonekana?"

"Ndiyo! Nimemskia na masikio yangu!"

Nilikuwa narukaruka. Nakumbuka nilikuwa narukaruka. Yeye aligeuza uso, akautazama moshi uliotoka kwenye paa la jikoni. Kisha akanigeukia na akatabasamu, akanishika shavu kwa ule mkono wake uliokuwa baridi siku zote. "Basi sawa," akasema. "Vaa sweta, Wambui. Bado kuna jua." Tukaenda hadi ukingo wa msitu. Alitembea mbele yangu kwa haraka kuliko alivyotembea tangu nimjue, na tukampata Mdudu mmoja juu ya ua la mbigili, akapiga, akavuta filamu, akapiga tena. Niliona akiivuta filamu ile ile. Sikujiuliza chochote. Usiku Anko alikuja chumbani, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi. "Daktari amesema ni ulcers."

"Ulcers tu?"

"Ulcers tu. Unywe uji, uwache pilipili."

"Mungu ni mwema," Tata akasema, akaupokea uji.

Nimeufikiria uji ule mara nyingi. Nusu ya pili ya mwaka boma zima lilikuwa linamficha Tata, na Tata alikuwa analificha boma zima, na kila upande ulidhani unaubebea mwingine mzigo. Mama Njoki alikuwa akilia kwenye zizi la kuku kisha anaingia akicheka kwa sauti kubwa mno. Tata alikuwa anakunywa kila kikombe alicholetewa na kusema tumbo limepoa. Niliyajua haya baadaye. Wakati ule niliona tu kwamba Tata amekuwa na haraka. Aliwakabidhi wateja wake kwa kijana mwenye studio karibu na stendi ya Elburgon. Alinifundisha kuingiza filamu gizani, mikono ndani ya koti. Alitaka kwenda kila mahali. Tulishuka Nakuru, tukalala mtaa wa Free Area kwa rafiki yake, na asubuhi tukapekua ua wa miiba ya kayaba nyuma ya vibanda hadi tukampata Mdudu wa manjano asiye na doa hata moja. Tulipanda mlima Menengai, upepo ukatunyima picha. Tulifika hata hapa Milimani, tukichungulia nyua za wenyewe, mpaka askari wa geti akatujia.

"Mathe, mnatafuta nini?"

"Mdudu."

"Mdudu gani?"

"Wa kwetu," Tata akamjibu, akapiga goti kwenye nyasi za watu. Askari alisimama pale akitulinda, asijue anatulinda na nini.

Agosti alivaa blauzi yake ya kijani, akapaka mafuta usoni, akaketi kwenye kiti mbele ya shuka jeupe, akanipa kamera. "Nipige moja nzuri. Kutoka hapa kifuani kwenda juu." Nikamuuliza ni ya nini. "Kila mtu ananiita nimpige," akasema. "Mimi nani atanipiga?" Nilipiga tatu, na yeye akaniambia niinue kamera kidogo, kwamba watu wa ukoo wetu wana pua za kutazamwa kutoka juu.

Mvua fupi zilipoanza alikuwa amekonda hadi saa ikawa inapanda na kushuka mkononi. Jioni moja, tukishindilia maranda, nilimuuliza nilichokuwa nimekimeza kwa muda mrefu. "Tata, hizo ulcers zitapona?"

"Hapana," akasema. Aliendelea kushindilia. "Si ulcers. Mimi naenda, Wambui."

Nilianza kulia, naye akaniacha nilie, hakuniambia nyamaza. Nilipoweza kuongea nikamuuliza kwa nini basi hawaambii wengine kwamba anajua. Alichomoa chupa, akaangalia kama tundu limesimama sawa. "Wewe umeuliza. Mtu akiuliza, ajibiwe. Hao hawajaniuliza." Sikumuuliza alivyojua. Nilidhani mtu hujua tu mwili wake.

Novemba tulimtoa nje kwa kiti, mimi na Mama Njoki, tukamweka kwenye jua kando ya viazi. Mama Njoki alipoondoka, Tata alinipa kamera na yeye akachukua kifuniko cha sufuria. "Leo mimi ndio nashika taa," akasema. Mdudu alikuwa kwenye jani karibu na goti lake. Alimwekea kidole, na Mdudu akapanda. "Huyu akipanda kitu lazima afike mwisho ndio aruke. Wewe ngoja pale mwisho. Usisongeshe kamera, jisongeshe wewe. Toa pumzi yote, kisha bonyeza." Nilipiga magoti kwenye udongo, lenzi imegeuzwa, nimeishika kwa vidole. Mdudu alipanda kidole cha Tata polepole, akapita pete iliyofungwa uzi isidondoke, akafika ncha ya ukucha, akasimama. Nilitoa pumzi. Mgongo ukafunguka. Nikabonyeza, na nilipovuta filamu ikakataa, ilikuwa imeisha. "Umempata?" Tata aliuliza. Nikasema sijui. "Utajua," akasema, akaacha kifuniko kilale mapajani kikimulika kidevu chake.

Tulimzika mwezi uliofuata. Anko alipofungua sanduku la dada yake kutafuta nguo ya kumvisha, alikuta blauzi ya kijani imepigwa pasi na kukunjwa, na juu yake ile picha niliyompiga Agosti, imewekwa tayari ndani ya fremu, na nyuma yake kwa mwandiko wake: *Hii ndiyo ya mazishi.* Anko aliketi kitandani. Mimi nilikuwa mlangoni na maji ya kuogea. "Alijua," alisema, hakumwambia mtu yeyote. "Wakati huu wote. Nani alimwambia? Nani huyo alikosa huruma hivyo?" Swali lake likatoka nje, likaenda kaburini na wazikaji, likarudi na sufuria za wali, na halijawahi kulala tangu siku ile. Hata mimi nilijiuliza. Nilimshuku nesi.

Baada ya mazishi nilishuka Nakuru na filamu ile mfukoni. Kijana wa studio aliniambia nirudi alasiri. Niliporudi alikuwa amezitandaza picha kwenye kaunta ya kioo, amefurahi kama kazi ni yake, na hata kabla sijamsalimia akasema, "Siste, picha imetoka! Mdudu ameonekana!" Nilisimama pale. Nikamwomba arudie. Akarudia. Ndipo niliposikia msumeno ukinyamaza, nikaona kidole gumba cha Tata kikipita juu ya kidirisha cha kamera. Filamu ilikuwa ndani ya kamera. Siku ile hakukuwa na filamu yoyote Nakuru; kulikuwa na picha moja tu ya kungojewa, ile ya hospitali, na watu wa kwetu saratani hawaitaji kwa jina, wanaiita mdudu. Yeye aliyaelewa yote kabla sijamaliza kuruka. Aliyaelewa, akanishika shavu, akaniacha na furaha yangu. Nilitoka nikaketi kwenye ngazi za studio na picha mapajani. Ilikuwa safi: maganda mekundu yameinuka, mbawa zimetoka nusu, na chini yake ukucha wa Tata na uzi wa pete. Nililia mpaka muuza njugu akanipa njugu.

Sikumwambia mtu, na sikuona kwamba nina kosa la kutubu. Ilikuwa ni habari iliyopita kati ya Tata na mimi, na yeye ndiye aliyechagua ikae hapo. Mimi nilibaki na kamera. Nina studio yangu sasa, napiga harusi na pasipoti, na mvua zikianza huwa nafunga mapema niende kupekua minji ya watu, siku hizi kwa simu. Mdudu amepungua, dawa zimezidi. Nikimpata bado huwa natoa pumzi yote.

Njoki aliniacha na baba yake akaenda jikoni kuweka chai. Tulisikiliza vikombe. Anko aliusukuma uji kando kwa kidole kimoja.

"Wambui. Wewe ni mtu wa picha. Hawa watoto wananiambia ni ulcers, na wakitoka hapa wanalia kwa choo, maji yakiwa yamefunguliwa. Nakuuliza wewe. Picha yangu imetoka?"

Niliogopa. Njoki ni kama dada yangu na alikuwa ameniomba. Lakini mtu akiuliza, ajibiwe. Nilisogeza kiti hadi magoti yetu yakagusana, nikautafuta ule uso niliokuwa nao nikiwa msichana mwenye maganda ya viazi mkononi. Sikuupata wote, nikapata wa kutosha.

"Imetoka, Anko," nikasema. "Mdudu ameonekana."

Hakushtuka. Midomo yake ilianza kusogea, ikiyarudia maneno bila sauti, mara moja, mara ya pili, na nikaona macho yakitoka kwangu yakaenda mbali.

"Hayo ni maneno yangu," akasema. "Nilimwambia Mama Njoki, pale jikoni. Hakukuwa na mtu mwingine." Akanitazama upya, kutoka kichwani hadi miguuni, kama anapima urefu niliokuwa nao wakati ule. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, Anko."

Mkono wake ulitoka chini ya blanketi, ukaushika wangu.

"Alilia?"

"Hapana. Alinitabasamia. Akaniambia nivae sweta, bado kuna jua."

Anko aligeukia dirisha. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ua wa Njoki, limebaki kwenye majani ya juu tu. Akaitoa ile blanketi magotini, akaanza kuikunja, upande juu ya upande, mpaka ikawa ndogo.

"Basi na mimi nipatie sweta yangu," akasema. "Iko hapo nyuma ya mlango."